Kingamwili za kupimia mimba ya ng'ombe zinaweza kutengenezwa hapa Nyanda za Juu Kusini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nizungumzie jambo linalowagusa wafugaji wa Rungwe, Mbozi, Mufindi na Njombe kila siku, ingawa wengi wao hawajapata kulisikia likitajwa kwa jina lake. Katika mijadala ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa nimekutana mara nyingi na hoja kwamba kipimo cha homoni ndani ya maziwa, ambacho humwezesha mfugaji kujua baada ya wiki tatu tu kama ng'ombe wake hakushika mimba, ni mali ya nchi za nje, na kwamba sisi kazi yetu ni kukinunua au kukikosa. Nilifanya kazi ya maabara kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Tukuyu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kutengeneza kingamwili, yaani protini za kujikinga ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya kitu kigeni, kwa kutumia sungura. Kwa uzoefu huo nasema kwamba kiini cha kipimo hicho, yaani kingamwili yenyewe, kinaweza kutengenezwa Uyole au Iringa, na kwamba njia ya kutumia jeli ya polima ndiyo inayotufaa kuliko ile ya mafuta tuliyofundishwa zamani.

Jirani yangu mmoja, mama mjane mwenye ng'ombe chotara wa Friesian, alimhimilisha ng'ombe wake, yaani aliita mtaalamu amwekee mbegu kwa mrija bila dume, mwezi Machi. Hakumwona akirudia joto la kutaka dume, akaamini mimba imeshika. Kila alfajiri alikata mabingobingo, akachanganya na vigogo vya migomba, akanunua pumba na mashudu kwa fedha za kuuza ndizi, huku maziwa yakizidi kupungua, naye akijipa moyo kwamba ndama yuko njiani. Mhimilishaji anahudumia vijiji vingi, hivyo alipopita tena ulikuwa mwezi Agosti. Alivaa glovu ndefu, akaingiza mkono, akakaa kimya kwa muda, kisha akasema kizazi ni kitupu. "Baba, kumbe miezi mitano nalisha hewa," mama yule aliniambia jioni ile, na hakuwa analia. Alikuwa anahesabu kwa vidole fedha za pumba.

Ng'ombe asiye na mimba hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi. Yai likishatoka, katika ovari hubaki tezi ndogo ya manjano inayotoa homoni ya projesteroni, na homoni hiyo hupita kwenye damu hadi kwenye maziwa, hasa kwenye mafuta ya maziwa, kwa kuwa huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Mimba isiposhika, tezi ile hunywea na projesteroni hushuka mno kabla joto halijarudi. Mimba ikishika, tezi hubaki hai na homoni hukaa juu hadi karibu na kuzaa. Mwaka 1971 watafiti wawili wa Uingereza, Laing na Heap, walionyesha kwamba mabadiliko hayo yanaweza kusomwa katika maziwa ya kawaida bila kumchoma ng'ombe sindano ya kutoa damu. Maziwa yaliyokamuliwa kati ya siku ya 21 na ya 24 tangu kuhimilisha yakikutwa na nanogramu chache tu za projesteroni kwa kila mililita, ng'ombe huyo karibu kwa hakika hana mimba. Yakikutwa na zaidi ya nanogramu 10, yaelekea anayo, ingawa hapo uhakika hupungua, kwa sababu mimba changa huweza kuharibika baadaye.

Kuna matumizi mengine ya kipimo hicho ambayo nayaona makubwa zaidi, na sijayasikia yakisemwa hadharani. Ukichukua maziwa ya siku ileile ya kuhimilisha ukakuta projesteroni iko juu, umejua papo hapo kwamba ng'ombe hakuwa kwenye joto. Mfugaji aliona ng'ombe akihangaika, au akirukwa na mwenzake, au akilia usiku, akampigia simu mhimilishaji, na mbegu ikawekwa siku isiyo yake. Huku kwetu ng'ombe wengi hufungiwa bandani peke yao, na dalili za joto za ng'ombe aliye peke yake ni ngumu kuzitambua. Matokeo yake mfugaji hulaumu mbegu, mhimilishaji humlaumu mfugaji, na ng'ombe huitwa tasa na kuuzwa kwa mchinjaji. Kichupa kimoja cha maziwa cha siku ile kingemaliza ugomvi huo, na pengine kingemwokoa ng'ombe.

Nanogramu moja ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Hakuna mizani wala kemikali ya kawaida itakayoiona homoni kwa kiasi hicho ndani ya maziwa yaliyojaa protini, sukari na mafuta. Kinachoweza kuiona ni kingamwili, kwa kuwa kingamwili hulitambua umbo la molekuli moja na kuling'ang'ania, ikayaacha mengine yote. Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa Marekani ndio walioonyesha mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa homoni ya insulini, kwamba tabia hiyo inaweza kugeuzwa kipimo, na Yalow alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1977, wakati Berson alikuwa ameshafariki. Wao walitumia mionzi. Mwaka 1971 watafiti wa Sweden na wa Uholanzi, kila kundi kwa upande wake, waliondoa mionzi na kuweka kimeng'enya kinachotoa rangi, na hicho ndicho kipimo tunachokiita ELISA. Kwa homoni ndogo, kipimo hicho ni cha kugombea nafasi: kingamwili chache hugandishwa katika vishimo vya sahani ya plastiki, kisha homoni ya maziwa na homoni iliyofungwa kimeng'enya huachwa zigombee nafasi hizo. Rangi ikikolea, maana yake maziwa yana homoni kidogo. Rangi ikififia, homoni ni nyingi. Waliozoea kipimo cha mimba cha akina mama kinachouzwa duka la dawa hushangaa kidogo, kwa kuwa huku mambo yamegeuzwa.

Sasa, kingamwili hizo zinatoka wapi? Hapa ndipo penye ugumu unaowafanya watu waamini kwamba kazi hii haituhusu. Ukimchoma sungura protini ya kigeni, mwili wake huitambua na kutengeneza kingamwili dhidi yake, kama unavyofanya baada ya chanjo. Projesteroni si protini. Uzito wake ni daltoni 314 tu (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), wakati albumini, protini iliyomo katika damu ya ng'ombe, ina daltoni 66,000 hivi, na kingamwili yenyewe ina karibu 150,000. Tena projesteroni ya ng'ombe ndiyo ileile ya sungura, ya kondoo na ya binadamu, hivyo mwili wa sungura hauna sababu ya kuiona kuwa adui. Mimi na wenzangu tulipokuwa vijana tulijaribu, kwa kutojua, kuwachoma sungura projesteroni tupu iliyoyeyushwa katika mafuta. Tulichoma mara nne kwa kipindi cha miezi mitatu, tukatoa damu, tukapima, na hatukupata chochote. Hakuna aliyekuwa ametusomea kazi ya Karl Landsteiner, ambaye tangu miongo ya mwanzo ya karne ya 20 alikuwa ameshaonyesha kwamba molekuli ndogo, aliyoiita hapteni, haiamshi kinga ikiwa peke yake, bali huiamsha ikishikizwa kwenye protini kubwa. Chembe nyeupe ya damu inayoweza kuitambua homoni huinasa pamoja na protini iliyoibeba, huisaga ile protini ndani yake, kisha vipande vyake huwaita wasaidizi, yaani chembe nyingine za kinga, ambao bila wao kingamwili za nguvu hazitengenezwi. Homoni tupu haina vipande vya kuwaonyesha wasaidizi hao.

Mwaka 1957 Erlanger na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, walichapisha namna ya kuzishikiza homoni za jamii hiyo, wakianza na testosteroni na kotisoni, kwenye albumini ya damu ya ng'ombe. Mpaka leo kazi hufanyika kwa msingi huo. Kwa projesteroni, hutumika aina iliyowekewa mkono mfupi wa asidi ya saksiniki kwenye kaboni ya 11, yaani atomi ya kaboni yenye namba hiyo katika molekuli, kisha kemikali iitwayo kabodiimidi huufunga mkono huo kwenye laisini, mojawapo ya viungo vinavyoijenga albumini. Mahali pa kuweka mkono si jambo la kuchagua kiholela. Kingamwili huona vizuri zaidi upande wa molekuli ulio mbali na mkono, na upande ulioshikizwa hubaki umefichika. Ukiushikiza mkono kwenye kaboni ya 3, umeficha sehemu mojawapo inayozitofautisha homoni za jamii hii, na kingamwili zako zinaweza kuzichanganya na ndugu zake. Kwenye kaboni ya 11, pande zote mbili zenye alama huachwa wazi. Na wakati wa kutengeneza ile homoni yenye kimeng'enya, inafaa kutumia mkono wa aina nyingine, kwa sababu baadhi ya kingamwili huujifunza mkono wenyewe na kuupenda kuliko homoni. Jambo hili la mwisho limewapotezea muda mafundi wengi, mimi nikiwa mmojawapo, na ndiyo maana nalitaja hata kama ni la kitaalamu mno kwa ukurasa wa barua.

Hata homoni ikishapata mbebaji, bado inahitaji kitu cha kuikawiza mwilini na kuishtua kinga, kwa maana protini iliyoyeyuka katika maji ya chumvi huoshwa na mwili kwa muda mfupi. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa mchanganyiko wa Jules Freund: mafuta ya madini yaliyopigwa pamoja na maji mpaka yakawa mazito kama losheni, na ndani yake bakteria wa kifua kikuu waliouawa. Hutoa kingamwili nyingi, hilo silikatai. Lakini niliyoyaona kwa macho yangu katika maabara niliyofanyia kazi hayanitoki. Sungura walitoka majipu mgongoni, mengine yakapasuka na kutoa usaha mweupe usiokauka, na mmoja alikuwa akirudi nyuma hadi kona ya kizimba kila alipoona koti jeupe. Mwenzangu mmoja alijichoma kidole kwa bahati mbaya na sindano yenye dawa ile, na kidole hicho kilivimba na kumsumbua kwa muda mrefu sana. Liko jambo jingine linaloihusu mikoa yetu moja kwa moja: mnyama aliyechomwa bakteria hao huweza kuonyesha jibu la uongo katika kipimo cha ngozi cha kifua kikuu. Ukitumia kondoo, mbuzi au ndama katika eneo la maziwa ambako tunajaribu kudhibiti kifua kikuu cha ng'ombe, umeuvuruga mpango wa wenzako. Na tangu mwaka 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, ambayo kwa maoni yangu haiwezi kusomwa na mtu mwenye moyo kisha akaendelea kuwachoma wanyama dawa ile pasipo kutafuta njia nyingine.

Njia nyingine ipo, na ni ya jeli. Katika maabara zinazotenganisha protini au kuchunguza vinasaba hutumika jeli ya poliakrilamaidi, tangu ilipoingizwa katika kazi hiyo mwaka 1959. Unachukua maji yenye akrilamaidi na kiasi kidogo cha kiungo chake cha kufunga, unatia chembechembe za amonia pasafeti na matone ya kichocheo kiitwacho TEMED, na ndani ya nusu saa hivi kile kilichokuwa kama maji kinaganda. Asubuhi za Juni mjini Mbeya, baridi inapokuwa kali, hukawia zaidi, na fundi mgeni hudhani ameharibu vipimo. Asubiri tu au apashe chumba joto. Uso wa juu hubaki majimaji kwa sababu oksijeni ya hewani huzuia kuganda, na huo unamwagwa. Kilichobaki kinang'aa, kinanesa ukikigusa kwa glovu, na ukikiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili.

Kwa kutengeneza kingamwili, ile projesteroni iliyoshikizwa kwenye albumini huchanganywa na maji hayo kabla hayajaganda, kwa hiyo inanaswa ndani ya jeli. Wanaovua usipa Kyela wataelewa haraka: jeli ni wavu, na ukubwa wa matundu yake unategemea umeweka akrilamaidi kiasi gani. Albumini ni kubwa, hutoka polepole kwa siku na wiki. Homoni tupu ingepenya matundu na kuondoka mara moja, na ndiyo maana jeli haikuondolei kazi ya kuishikiza homoni kwenye protini kwanza. Waliosoma habari hizi juujuu huteleza hapo. Jeli ikishaganda hukatwa vipande, huoshwa kwa haraka katika maji ya chumvi yaliyo baridi, kisha husagwa kwa sindano mbili zilizounganishwa mdomo kwa mdomo. Unasukuma huku, unasukuma kule, mara ya kwanza kwa nguvu za vidole gumba vyote viwili mpaka vinauma, na sauti yake ni kama ya mtu anayekanyaga tope. Baada ya kusukuma mara thelathini au arobaini inalainika, unahamia tundu dogo zaidi, mpaka inapita kwenye sindano ya kawaida bila kukwama. Hapo inachomwa chini ya ngozi ya mgongo, kidogo kidogo katika sehemu kadhaa, kwa kiasi kisichozidi robo ya mililita kila sehemu. Maikrogramu mia chache za mchanganyiko ule zinamtosha sungura mmoja. Chembe za kinga huja kuyafuata mabonge yale madogo, huyamega na kukutana na homoni juu ya mbebaji wake kwa muda mrefu, na hicho ndicho tunachokitaka. Baada ya wiki tatu au nne unarudia, na siku 10 hadi 14 baada ya kurudia unatoa damu kwenye mshipa wa sikio, sikio likiwa limepashwa joto kwa kitambaa ili mshipa ujitokeze.

Sungura niliowachoma kwa njia hiyo walikuwa na vinundu vidogo vigumu chini ya ngozi, lakini hawakuwa na majipu, na walikula kabichi yao siku ileile.

Sitaki kuificha mipaka ya njia hii. Akrilamaidi kabla ya kuganda ni sumu ya mishipa ya fahamu, na unga wake haupaswi kupimwa bila barakoa na glovu. Ndiyo maana jeli huoshwa, kuondoa mabaki ambayo hayakuungana. Jeli yenyewe haimeng'enywi na mwili, hivyo vinundu vile huweza kukaa muda mrefu. Mara nyingine kingamwili huchelewa kuliko kwa mafuta ya Freund, ikalazimu kuchoma mara moja au mbili zaidi. Na sungura aliyefanikiwa kutengeneza kingamwili nyingi dhidi ya projesteroni atainasa pia homoni yake mwenyewe, kwa hiyo asitegemewe kuzalisha. Nashauri watumike madume. Baadhi ya kingamwili zitakuwa dhidi ya albumini badala ya homoni, lakini hizo huondolewa kwa kuongeza albumini kidogo kwenye seramu, yaani majimaji ya damu yanayobaki damu ikishaganda.

Nije kwenye hesabu, kwa sababu najua wanaopanga bajeti watauliza. Sungura wa kilo tatu anaweza kutolewa takriban mililita 18 za damu kwa mara moja bila kudhurika, na hapo unapata karibu nusu yake seramu. Seramu nzuri ya projesteroni hutumika ikiwa imezimuliwa mara 10,000 au zaidi. Mililita moja ikizimuliwa mara 10,000 inakuwa lita 10, na kila kishimo cha sahani kinahitaji maikrolita 100 tu. Maana yake mililita moja ya seramu, kiasi cha kijiko cha chai kisichojaa hata robo, inatosha vishimo 100,000. Hata ukipima kila maziwa katika vishimo viwili, na ukapoteza nyingi katika majaribio na viwango vya kulinganishia, sungura sita waliofugwa vizuri wangeweza kuihudumia mikoa ya Mbeya, Iringa na Njombe kwa miaka mingi. Ikigandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, katika vichupa vidogo vidogo ili usiiyeyushe na kuigandisha mara kwa mara, seramu hukaa miaka bila kupoteza nguvu.

Linganisheni hayo na vifurushi vya vipimo vya kununua. Zamani vilikuja vya mionzi, kupitia mpango wa pamoja wa FAO na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na vilitusaidia sana kujifunza, lakini aidini-125 yenye mionzi iliyomo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 60, iwe imetumika au haijatumika. Nakumbuka kifurushi kimoja kilichokaa njiani kwa ajili ya karatasi za kuidhinisha mzigo mpaka kilipotufikia kikawa kimebakiwa na nguvu ndogo sana. Tulikiweka kabatini, tukawarudishia wafugaji chupa zao za maziwa bila majibu. Vya ELISA havina tatizo la mionzi, ila vina tarehe ya kuisha, vinahitaji ubaridi njia nzima na vinalipiwa kwa fedha za kigeni.

Nimeshaulizwa na vijana kwa nini tusitumie mashine ya picha za mawimbi ya sauti, ambayo huiona mimba ya ng'ombe kuanzia siku ya 30 hivi. Itumike, tena iongezwe. Lakini mashine hiyo inamtaka mtaalamu afike bandani, na tatizo la mama jirani yangu lilikuwa hilohilo la mtaalamu kutofika. Maziwa yanasafiri yenyewe kila asubuhi. Tayari yapo magari na bodaboda zinazopeleka maziwa kwenye vituo vya kukusanyia, na kichupa chenye jina la mfugaji na tarehe ya kuhimilisha, kilichotiwa dawa kidogo ya kuzuia maziwa kuchacha, kinaweza kuwekwa pembeni ya keni bila gharama ya safari ya pili.

Ninachoomba si jengo jipya. Uyole kuna kituo cha utafiti wa mifugo, Iringa kuna maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, mjini Mbeya kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, na Makete kuna shamba la Serikali la Kitulo lenye ng'ombe wa maziwa ambao kumbukumbu zao za kuhimilisha zingeweza kutumika kukijaribu kipimo kabla hakijafika kwa mfugaji. Taasisi hizo zikae pamoja, wagawane kazi: mmoja ashikize homoni kwenye albumini, mwingine afuge na kuwachoma sungura chini ya kibali cha ustawi wa wanyama, wa tatu azimue, apime na kulinganisha na kipimo cha kununua mpaka wote waridhike. Vitakavyohitaji kuagizwa kutoka nje ni vitu kama gramu chache za homoni yenye mkono, kimeng'enya, na sahani za plastiki. Homoni nyingine ndogo zingefuata kwa njia hiyohiyo. Kotisoli na testosteroni hutofautiana na projesteroni kidogo tu kwa umbo, na fundi aliyeshaiweza moja hatashindwa na nyingine.

Nawaomba pia nyie wahariri, mnapoandika habari za ufugaji wa kisasa, mwaulize wataalamu kipimo kinachosifiwa kimetengenezwaje na nini ndani yake kinaweza kutengenezwa hapa, kwa maana msomaji aliyeambiwa bei tu hana cha kudai.

Kwa upande wangu, sindano mbili za kioo nilizokuwa nikisagia jeli bado ninazo, zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku. Fundi kijana yeyote wa maabara za Mbeya au Iringa atakayetaka kuanza, nitapanda gari asubuhi nimfuate, tuanze kwa jeli tupu isiyo na homoni, mpaka mikono yake ijue ni wakati gani imelainika vya kutosha.

Wako katika kazi,

Fundi sanifu mstaafu wa maabara,
Tukuyu, Rungwe